Wanaorudi Same na miradi: tuwaulize nani atasafisha ndiva

Tarehe 1 Julai 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID. Uingereza nayo imetangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Pengo hilo linawafanya watu waitazame tena njia ya zamani: makanisa rafiki ya ng'ambo, wamisionari, wanaojitolea, na wana wa Upare waliosoma wakahamia mijini. Msikilizaji, huenda na usharika wenu umeshapata ujumbe wa mtu aliyewahi kufanya kazi milimani, akiuliza: nikirudi, niwafanyie nini?

Ni swali zuri, ila tungependa aanze na jingine: ni kazi gani iliendelea wakati yeye hayupo?

Upare una historia ya jambo hili. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti mwaka 1903. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa na vituo vyao, kikiwamo Mbaga. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawavuruga, na kufikia 1920 Waingereza walikuwa wamewaondoa karibu wamisionari wote wa Kijerumani. Walimu wenyeji na wazee wakaendelea kufundisha na kuongoza ibada. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta makanisa yana wenyewe. Mwaka 1939 vita ikazuka tena, na wakaondolewa tena.

Sasa tuje kwenye maji, maana Same huwezi kuzungumzia maendeleo ukayaruka. Tambarare ya magharibi, kutoka Same mjini kuelekea Makanya, hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ndiyo maana wazee walichimba ndiva. Usiku maji ya mfereji yanaijaza. Asubuhi inafunguliwa, na maji yanatoka kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Zamu zinapangwa. Tope linaondolewa kwa msaragambo, na asiyefika anatozwa faini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 shirika la Kiholanzi, SNV, lilianza kusaidia mifereji na ndiva hizo. Baadaye kazi ikachukuliwa na shirika la Kitanzania, TIP. Ndiva kadhaa zikasakafiwa kwa saruji. Hatuibezi saruji: inazuia maji kupotea ardhini. Lakini haizuii tope kuingia, wala haiamui ugomvi wa watu wa juu na wa chini. Tena ndiva ya juu ikishika maji mengi zaidi, walioko bondeni ndio wanaoona mto umekauka mapema. Zawadi ya kijiji kimoja inaweza kuwa njaa ya kijiji kingine, na mfadhili aliyepiga picha siku ya uzinduzi asijue kamwe.

Mtu atasema, si tuna mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe? Ni kweli. Ulianza 2014, ukazinduliwa Machi 2025, na unaleta maji kutoka Nyumba ya Mungu. Lakini hayo ni maji ya nyumbani. Mahindi na maharage bado yanategemea mvua na mfereji.

Kwa hiyo barua ya mgeni isiishie kwa mchungaji au mwenyekiti. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau kila miezi mitatu. Isomwe pale, kabla fedha hazijapokelewa, na wajumbe wa kijiji cha chini waalikwe. Aulizwe fedha zitakaa akaunti gani na nani atasaini. Kama analeta pampu, vipuri vinauzwa Same au Moshi, au vinaagizwa Ulaya? Mwaka wa tatu nani atanunua? Na kama anawaleta vijana wake kujenga ukuta wa darasa, fundi wa kijiji atakuwa anafanya nini wiki hiyo? Swali hili la mwisho watu huona aibu kuliuliza. Liulizwe.

Mgeni naye akiambiwa asubiri mkutano ujao, asidhani amekataliwa. Muda huo apande na mgawa maji hadi kwenye chanzo cha mfereji, na iwe Septemba au Oktoba, maji yakiwa machache.