Skuli ya Maandalizi Isitafutwe kwa Kubahatisha

Kila mwaka wako watumishi wa Serikali wanaopewa barua za uhamisho kutoka Pemba kuja Unguja, na wako wananchi wengine, wafanyabiashara, mafundi na wavuvi, wanaohamia Mjini kwa hiari yao kutafuta riziki. Wengi wao huja na watoto wadogo. Mizigo ikishashushwa bandarini na nyumba ya kupanga ikishapatikana, hubaki suala moja ambalo aghalabu huachwa mwisho, nalo ni la mtoto wa miaka minne au mitano: atasoma wapi? Leo tunataka kulizungumza suala hilo, kwa kuwa tunaona linawahusu wazazi na linaihusu Serikali kwa kadiri moja.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauhitaji maelezo marefu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,889,773, na kati yao 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, yaani karibu nusu ya wakaazi wote wa visiwa vyetu. Fuoni, Kwarara na Kisauni, ambako wazee wetu walikujua kuwa ni mashamba, leo nyumba zimesongamana. Nyumba huota haraka kuliko skuli, na anayeumia kwanza kwa pengo hilo ni yule aliyefika jana, asiyejua aanzie wapi.

Hatuna budi kukumbushana pia kwamba maandalizi si hisani wala anasa ya wenye fedha. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar, ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi akae darasa moja na mtoto wa tajiri. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikasogeza mbele zaidi azma hiyo kwa kuyaingiza maandalizi ya miaka miwili ndani ya elimu ya lazima. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu wazazi wake wamehama amepoteza nusu ya maandalizi yake, na nusu hiyo haitarudi. Ataingia Darasa la Kwanza pamoja na wenzake waliokwisha kuzoea kalamu, foleni na sauti ya mwalimu, naye ndiyo kwanza anajifunza kukaa mbali na mama yake.

Wala hayo si mawazo matupu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg uliowalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Watoto waliopitia skuli za maandalizi walionekana kuwatangulia kiakili wale waliobaki majumbani, na waliosoma katika skuli za mpango wa Madrasa walitangulia zaidi. Mpango huo ulianza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, ukafika kwetu mwaka 1990. Skuli zake hazikujengwa kwa marumaru. Zilitegemea kamati za wananchi wa kijijini, walimu wa kike wa palepale waliopewa mafunzo na kutembelewa mara kwa mara, na vifaa vya kuchezea vilivyotokana na vifuu, makombe ya pwani, vijiti na vipande vya kanga. Somo tunalolipata hapo ni kwamba uzuri wa skuli ya mtoto mdogo umo katika mwalimu na katika yale mtoto anayoyafanya mchana kutwa.

Lakini mzazi mgeni huyaona hayo kwa taabu. Wahenga walisema mgeni kuku mweupe. Kila mtu mtaani anamjua kuwa amefika, ila yeye hajui nani amuulize nini. Matokeo yake tunayaona. Wako wanaomwandikisha mtoto katika skuli ya kwanza waliyoiona ukuta wake umepakwa rangi na kuchorwa wanyama. Wako wanaovutwa na jina la Kiingereza kwenye kibao. Wako wanaomtia mtoto wa miaka minne katika gari iliyojaa, alfajiri, kwenda skuli ya mbali kwa sababu mfanyakazi mwenzao aliisifu. Na wako wanaokata tamaa wakamwacha nyumbani chini ya uangalizi wa dada yake wa miaka kumi na moja, ambaye naye hukosa masomo yake. Hapo familia moja imepoteza skuli mbili kwa uhamisho mmoja.

Kwa wazazi, tunasema haraka ya siku moja isigharimu miaka miwili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kulipa chochote, mzazi na aende mwenyewe skuli wakati watoto wamo darasani, asiridhike na maelezo ya ofisini. Ahesabu watoto walio mbele ya kila mwalimu. Atazame kama wanacheza, wanaimba, wanapanga vitu na kuulizwa maswali, au wamekalishwa kimya saa tatu wakinakili herufi kutoka ubaoni. Aulize mwalimu amesomea wapi kazi yake, na humfanya nini mtoto anayelia siku ya kwanza. Jawabu la swali hilo litamweleza mengi. Atazame choo, kwani choo cha watu wazima ni hatari kwa mtoto mdogo. Atazame maji ya kunawa na ya kunywa. Kama skuli iko kando ya barabara, atazame kama ina uzio na mlango unaofungwa.

Tena aulize kama skuli hiyo imesajiliwa, na aelezwe malipo yote kwa mara moja: ada, sare, chakula, gari na michango. Wengi wamevutwa na ada ndogo, kisha yakazuka mengine wakashindwa njiani, mtoto akatolewa katikati ya mwaka. Na kwa kuwa watoto wetu wengi husoma chuoni pia, mzazi apange saa za skuli na za chuo zisigongane, mtoto apate wasaa wa kula na kulala. Skuli ya wastani inayofikika kwa miguu, mama au baba akimshika mtoto mkono, mara nyingi inamfaa zaidi kuliko skuli ya sifa iliyo mwendo wa saa nzima.

Liko na jambo la lugha, nalo halisemwi vya kutosha. Mtoto anayetoka Micheweni au Makunduchi huja na lafudhi na maneno ya kwao, na maneno hayo ndiyo mali yake yote ya kufikiria. Akiingia darasa ambalo wenzake wanamcheka na mwalimu anacheka nao, atanyamaza. Na mtoto aliyenyamaza huhesabiwa kuwa mzito. Akiingia darasa lisilotumia ila Kiingereza, hali yaweza kuwa hiyo hiyo. Hatuipingi lugha ya Kiingereza, ambayo mtoto atahitaji kuijua atakapokua. Tunachosema ni kwamba mtoto wa miaka minne aliyehamishwa nyumba, mtaa, marafiki na bibi yake kwa wiki moja asinyang'anywe na lugha juu ya hayo yote. Mzazi amsikilize mwalimu anavyowajibu watoto wanaosema tofauti na wa Mjini.

Kwa ndugu zetu wanaovuka kwenda Dar es Salaam, au Dodoma ambako Serikali ya Muungano ilianza kuhamishia shughuli zake kufuatia tangazo la mwaka 2016, tunaongeza nasaha moja. Huko skuli huitwa shule, na maandalizi huitwa elimu ya awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliiweka elimu hiyo kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na madarasa mengi ya awali yamo ndani ya shule za msingi za Serikali. Kwa kuwa mpangilio wa miaka si mmoja, mtoto aliyekatiza maandalizi hapa anaweza kurudishwa nyuma au kupelekwa mbele kuliko umri wake. Basi mzazi asisafiri bila cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye chanjo zote, na barua ya skuli anayotoka mtoto inayoeleza amesoma muda gani na amefikia wapi.

Hayo ni ya wazazi. Sasa tunaielekea Serikali. Kwa utaratibu wetu, kila anayehamia shehia hana budi kujitambulisha kwa sheha. Basi mlango upo tayari, kilichobaki ni kuutumia. Tunapendekeza kila sheha apewe na Wizara ya Elimu, mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo, orodha ya skuli zote za maandalizi zilizosajiliwa katika shehia yake na shehia za jirani, za Serikali na za binafsi, pamoja na ada zake na nafasi zilizobaki. Karatasi moja ubaoni ingemwepusha mgeni na wiki tatu za kuzunguka mitaani. Orodha hiyo ingewafichua pia wale wanaofungua skuli sebuleni bila ya kibali, na ingewaonesha wapangaji wa Serikali ni mitaa gani mipya ambayo watoto wamejaa na skuli hakuna.

Pili, taasisi zinazohamisha watumishi zitazame kalenda ya skuli kabla ya kuandika barua. Tunajua wako watakaosema kwamba kazi ya umma haingoji mtoto amalize muhula, na kwamba mgonjwa wa hospitali hawezi kuambiwa asubiri likizo ndipo muuguzi ahamie. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kazi za dharura. Lakini uhamisho mwingi si wa dharura. Hupangwa mezani kwa utulivu, na mezani hapo hapo panaweza kuwekwa kalenda. Pale ambapo haiwezekani kungoja, basi skuli za maandalizi za Serikali ziachiwe nafasi chache kwa watoto wanaofika katikati ya mwaka, na mtumishi apewe ruhusa ya siku mbili tatu kumpeleka mtoto wake na kukaa naye asubuhi za mwanzo mpaka azoee. Mtumishi ambaye roho yake iko kwa mtoto anayelia haifanyi kazi ya Serikali kwa ukamilifu, hata akiwahi kila siku.

Tatu, wenyeji wa mitaa wana sehemu yao. Jirani aliyepata mgeni na asiulize tu ametoka wapi. Amwambie pia watoto wa mtaa huu husoma wapi, mwalimu gani ni mpole, na njia ipi haina magari. Neno hilo halina gharama.

Wizara, Idara zinazohusika na uhamisho, Mabaraza ya Manispaa na masheha wote wana nafasi ya kulianza jambo hili bila ya kungoja sheria mpya wala fungu kubwa la fedha. Mtu mzima akihamishwa huongozana na barua yake, cheo chake na mshahara wake. Mtoto wake huhamishwa bila ya kuulizwa. Tunaitaka Serikali, mwaka wa masomo ujao utakapofunguliwa, orodha hizo ziwe zimekwisha kubandikwa katika ofisi za masheha, Unguja na Pemba.