Mchoro wa Kanga Una Mwenyewe, Tusidhulumiane

Mashoga zetu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mliopo Muscat na kwengineko mnaotusoma usiku watoto wakishalala.

Leo hatukuja na mshono mpya wa dera wala rangi za Idi. Tumekuja na lawama, na lawama ya mwanzo tunajitwika wenyewe.

Msimu wa sare umeanza. Kila kikundi cha maulidi, kila chama cha kuweka na kukopa, kila ukoo wenye harusi unataka kanga yake yenye jina lake. Zamani tulikwenda madukani Darajani na Mchangani tukachagua katika zilizopo. Siku hizi ukifikisha idadi ya doti anayoitaka mpiga chapa, unatolewa kanga ya kwako peke yako. Basi viongozi wanasema: "Tuitishe shindano. Kila mwenye kipaji alete mchoro, tupige kura, mshindi apewe zawadi." Maneno matamu kama halua. Sisi pia tuliyasema, na tulisimamia shindano hilo kwa mikono yetu. Sasa tunasema bila ya kumung'unya: mashindano haya, kwa namna tunavyoyaendesha huku kwetu, ni dhulma iliyotiwa udi.

Mtatuuliza sisi ni nani hata tuseme. Sisi ni mafundi. Tulimaliza sekondari, tukafanya kozi ya ushoni, tukanunua cherehani moja kwa mkopo, leo tuna nne na wanagenzi wetu. Hatukusoma sheria wala uchoraji. Lakini kanga tunaijua, maana inapita mikononi mwetu kila siku, na hesabu tunaijua, maana tusingeijua kibanda kingeshafungwa.

Hebu tuifanye hesabu ya shindano letu. Kikundi kimoja kilitwita tusimamie. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000 kwa mchoro, na walishiriki watu 41. Hizo ni shilingi 205,000. Mshindi alipewa 150,000, na 55,000 iliyobaki ikaenda kwenye bango, chai na maandazi ya siku ya kutangaza. Kikundi kikapiga doti 300 na kila doti ikauzwa kwa faida ya shilingi 2,000. Faida ikawa 600,000. Sasa tuambieni, kikundi kilitoa nini mfukoni? Hakikutoa hata senti. Zawadi ya mshindi ilitoka kwa wenziwe 40, na miongoni mwao walikuwamo wasichana waliopewa kiingilio na mama zao wanaouza mbatata za urojo.

Tulipokwenda kumuuliza ustadh wetu, hata hakutuacha tumalize. Alisema: kila mtu ametoa pesa, mmoja ameondoka nazo, waliobaki wamepoteza, hiyo mnaiitaje? Tukanyamaza. Sote tumesoma madrasa na aya ya 90 ya Suratul Maida tunaijua. Tumezoea kudhani kamari ni ya wanaume, na lazima iwe na karata, meza na moshi wa sigara. Yetu haikuwa na karata. Ilikuwa na maandazi, na ilifunguliwa kwa dua. Ustadh akatuambia njia iliyo salama ni nyepesi kabisa: zawadi itoke kwa kikundi chenyewe au kwa mfadhili, washindani wasitoe kitu. Akiwa na mwengine anayetaka kuuliza zaidi, amuulize sheikh wake. Sisi tulishajibiwa.

Hilo la kiingilio. Sasa njooni kwenye kura.

Tuliziweka picha zote kwenye grupu, kila moja na jina la aliyechora, tukasema vidole gumba ndio kura. Ndani ya siku mbili grupu likajaa watu tusiowajua. Mashangazi wa Dubai, binamu wa Tanga, watu wasiokuwa wanachama na wasioinunua hata doti moja. Mwenye jamaa wengi ndiye aliyeshinda. Hatusemi mchoro wake ulikuwa mbaya. Tunasema hakuna aliyeutazama. Watu walitazama jina, wakakumbuka udugu, wakabonyeza.

Na kanga haichaguliwi kwa kioo cha simu, jamani. Kanga ina urefu wa kiasi cha mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Huvaliwa kwa jozi, moja kiunoni na moja kichwani, kwa hiyo mchoro lazima uwe na maana hata ukikunjwa, hata jina likifika mgongoni. Ule ulioshinda ulikuwa na rangi tisa. Kwenye simu uling'ara kama taa za harusi. Mpiga chapa akatucheka: kwa mtindo wake kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ina gharama yake. Tena ulikuwa ni picha ya simu iliyotetemeka, hauwezi kukuzwa. Ikabidi atafutwe mchoraji wa kompyuta auchore upya kwa rangi tatu. Alifanya kazi hiyo jioni moja na alilipwa 120,000 kabla hajafungua kompyuta yake.

Liangalieni hilo vizuri. Wa kompyuta kalipwa. Mpiga chapa kalipwa. Sisi tulioshona magauni ya viongozi tumelipwa. Aliyepika biriani kalipwa, mwenye spika kalipwa, hata aliyekodisha viti kalipwa. Ni aliyewaza peke yake, aliyekaa usiku na penseli mpaka macho yakauma, ndiye anayeambiwa "toa kwa ajili ya kikundi, utapata thawabu". Thawabu anatoa Mwenyezi Mungu, hazigawiwi na mweka hazina. Na sote tumefundishwa tangu wadogo habari ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hatujaona mahali palipoandikwa kwamba jasho la anayechora ni maji.

Wapo wanaosema: "Lakini wanapata jina." Jina gani? Kanga imetoka, mnunueni mmoja mtuoneshe limeandikwa wapi jina la mchoraji. Halipo. Na hili si jipya. Kanga yenyewe, kwa simulizi tulizorithi, ilianza katika karne ya 19 kwa wanawake wa pwani yetu kununua leso za vitambaa, wakaziunga sita pamoja, tatu kwa mbili, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona, wakaigiza, wakapiga chapa kipande kizima. Baadaye yakaja majina, na wanawake walikuwa wakienda dukani na maneno yao ya kumjibu jirani au mke mwenza, wakamwambia mwenye duka ayaandike. Mombasa alikuwepo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, na mpaka leo kanga zake zinajulikana kwa alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Jina la mwenye duka tunalo. Majina ya wanawake waliounga leso na kutunga maneno hatunayo hata moja. Hatumlaumu Abdulla, yeye aliandika mali yake. Tunajilaumu sisi, wanawake wenyewe kwa wenyewe, kwa kulifanya lile lile kwa watoto wetu leo.

Maana kuna jambo hatujalisema bado, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Katika wale 41 alikuwamo mwanagenzi wetu. Msichana mtulivu, mikono yake mizuri. Alichora pindo la karafuu, vikonyo vimeelekea kwenye mji kama vidole vinavyoomba dua, na katikati akaweka ukili wa mkeka. Rangi mbili tu. Hakupata kura kumi, kwa sababu hana jamaa wengi na mama yake hana simu ya maana. Miezi michache baadaye kikundi kikatoa kanga ya pili. Mji mpya, jina jipya, rangi zimebadilishwa. Pindo ni lile lile la karafuu, kikonyo kwa kikonyo.

Alikuja nayo kibandani, akaifungua juu ya meza ya kukatia, hakusema neno. Na sisi tulijua picha ilitoka wapi. Ilitoka kwenye simu yetu. Kiongozi mmoja alituomba "zile picha za siku ile", tukazituma zote bila kuuliza za nini. Tungeweza kusema hatukujua. Lakini tuliposhika kazi ya kupokea michoro ya watu, tulishika amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kusema hakuuliza.

Siku ile hatukumtetea. Tulimwambia avumilie, kikundi ni wateja wetu. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Tulikwenda kwao hatimaye, tukamwomba radhi mbele ya mama yake, tukampelekea pesa kutoka mfukoni mwetu kwa sababu kikundi kilikataa kulipa. Alipokea kwa adabu. Amerudi kwenye cherehani, alhamdulillah. Lakini ukimpa karatasi achore, anasema hajui. Hicho ndicho tulichokiharibu, na pesa hazikukirudisha.

Wengine watatwambia tunaleta mambo ya kizungu, haki sijui za nani. Hapana. Kwanza Zanzibar tuna Sheria yetu ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na mchoro ni wa aliyeuchora tangu pale anapouchora. Kuuleta shindanoni si kuuza. Pili, kabla ya sheria hiyo tulikuwa na dini, na kula mali ya mwenzio pasi na ridhaa yake hakukuanza kuwa haramu 2003.

Hatusemi mashindano yafe. Tunayataka, kwa sababu vipaji vipo na vingi vimejificha jikoni. Ila yaendeshwe na watu wanaomwogopa Mungu, hivi:

Kiingilio kisiwepo. Kikundi kisichoweza kutoa zawadi kutoka kwenye mfuko wake kisiitishe shindano, kiende dukani kichague kanga iliyopo, si aibu.

Kabla mtu hajanyanyua penseli aambiwe kila kitu: sherehe gani, rangi ngapi, jina limetungwa au atunge yeye, mwisho lini. Penseli na karatasi zikubaliwe sawa na kompyuta, na gharama ya kusafisha mchoro ibebwe na kikundi.

Michoro ipewe namba, majina ayajue mtu mmoja tu. Watu watatu wachague mitano bora: fundi, mtu anayejua kupiga chapa, na mama mmoja mtu mzima anayejua maana za kanga. Wakague na michoro iliyonyofolewa mtandaoni. Kisha mitano hiyo ichapishwe kwa ukubwa wake, itundikwe ukutani, wanachama waje kuitazama na kupiga kura ya karatasi. Mwanachama mmoja, kura moja. Shangazi wa Dubai atasubiri doti yake.

Iandikwe karatasi, hata ya daftari, isainiwe na pande mbili: mchoro umenunuliwa kwa kiasi gani, kwa doti ngapi, na ikipigwa tena mchoraji atapata nini tena. Michoro isiyoshinda irudishwe kwa wenyewe na picha zifutwe kwenye simu, mbele yao. Kikundi kikilitaka pindo la mtu aliyeshindwa, kimwendee kikamlipe.

Na kabla ya kupiga doti zote, kipigwe kipande kimoja cha majaribio, kisomwe na watu watatu herufi kwa herufi. Jina likikosewa kwenye kanga halifutiki.

Sisi tumeshaanza. Kikundi kimoja kilikuja mwezi uliopita kutaka tusimamie, tukawapa masharti haya, wakaondoka wamenuna. Wateja wale walikuwa na magauni 60 ya kushona, tusidanganyane, yalituuma. Tulitazama cherehani ya nne na deni lililobaki, tukatazama na yule msichana aliyekuwa anapiga pindo la shela pembeni ya dirisha, kainama, hatuoni uso wake. Tukasema waende.

Wewe unayesoma, kama kabatini una kanga ya kikundi chako, itoe leo. Uliza nani aliichora. Ukipata jibu, mpigie simu umshukuru. Usipopata, uliza tena kwenye kikao, kwa sauti, hata wakikuona mkorofi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokula pasi na haki, atupe ujasiri wa kukirudisha, na ajaalie riziki zetu ziwe za halali. Amin.