Kutoka hospitali si kupona

Katika vikundi vyetu tunasikia mara kwa mara habari moja: mgonjwa wa moyo alilazwa, akapewa dawa za kukojolesha, miguu ikapunguka, akarudi nyumbani. Mwezi haujaisha, yuko tena kitandani hospitalini, anakosa pumzi. Jamaa wanaanza kutafuta aliyemtilia sumu.

Tuelewe jambo hili. Moyo uliochoka hausukumi damu vizuri. Maji yanabaki mapafuni na miguuni. Dawa inatoa maji, lakini moyo ungali dhaifu. Hata mama kijana anaweza kupata ugonjwa huu, tangu mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kuzaa. Akikosa pumzi kila anapolala chali, tusiseme ni uchovu wa uzazi. Tumpeleke mbio.

Kwetu, sisi wanawake ndio tunaolinda wagonjwa hospitalini: tunapika, tunawaogesha, tunanunua dawa. Basi tusitoke kabla ya kumwuliza daktari ao mwuguzi mambo 4, nayo yaandikwe kwenye karatasi. Kwanza, mgonjwa anatoka na kilo ngapi? Pili, ataendelea na dawa gani, saa ngapi? Tatu, tukiona nini tumrudishe mbio? Nne, ataonwa tena tarehe gani? Waganga wa moyo wanashauri iwe kati ya siku 7 na 14, hata kama anajisikia vizuri.

Wauguzi nao tunawaomba: mgonjwa akiwa kwenu, mpimeni uzito kila asubuhi, mtuonyeshe namba, ili tujifunze kuifuata.

Nyumbani apimwe vilevile, akisha kukojoa na kabla ya kula. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 katika siku 3, maji yanarudi. Tusingojee akose pumzi. Makayabu yana chumvi nyingi, tumpikie kitu kingine. Asiache dawa kwa sababu miguu imepunguka. Na mama aliyepata ugonjwa huu wakati wa uzazi aende na mume wake kuongea na daktari kabla ya mimba ingine.

Mizani ni ghali kwa nyumba moja. Lakini kikundi kinachocheza likelemba kinaweza kununua moja kwa ajili ya mtaa mzima. Tuzungumze jambo hilo katika mkutano wa juma hili.