KIJITI CHA NUSU INCHI NA MSHAHARA WA MPANGA MBAO



Imeletwa amri kwenye banda letu la mbao, nasi tumeona haifai kuinyamazia. Amri yenyewe yasema hivi: vijiti vyote tunavyoviweka kati ya safu na safu ya mbao mbichi ili zikauke kwa upepo, tangu sasa viwe vya nusu inchi. Vile vya inchi moja tulivyovizoea vimekwisha kupelekwa kantini kuwa kuni. Tena mbao zikipinda, hasara itakatwa katika mishahara ya waliozipanga.

Hesabu ya wakubwa tunaielewa. Rundo la futi 6 ni inchi 72. Ukipanga mbao za inchi moja kwa vijiti vya inchi moja, zaingia safu 36. Kwa vijiti vya nusu inchi zaingia safu 48. Ni safu 12 zaidi chini ya mabati yale yale, bila kujenga banda jingine. Katika karatasi ni faida tupu. Aliyeiandika karatasi hiyo, tunadhani, hajapata kufungua rundo mwezi wa Mei.

Kazi ya kijiti si kutenganisha mbao tu, ni kufungua njia ya hewa. Hewa kavu huingia ubavuni mwa rundo, huchukua maji ya ubao, hupoa, huwa nzito, hushuka, na ni lazima ipate pa kutokea. Njia ikiwa nyembamba, hewa iliyoshiba maji hukaa humo humo. Mbao za pembeni zinakauka na za katikati zinabaki mbichi. Mvua za masika zikija, kuanzia Machi hadi Mei, tutafungua rundo la saipras au paini tukute ukungu na madoa ya buluu, na paini ndiyo dhaifu zaidi kwa madoa hayo. Kwa mbao hizi za inchi moja hadi mbili, kijiti cha inchi moja ndicho kipimo chake hapa Nairobi.

Hatusemi kijiti chembamba hakina kazi. Mkaratusi ni mti mwingine kabisa. Ukiuharakisha katika jua na upepo wa Januari na Februari, nje yake hukauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado kuna maji, nao hupasuka kuanzia nchani. Huo twaupa kijiti cha nusu inchi au robo tatu, na ncha zake twazipaka rangi nzito, ili ukauke polepole. Na ndugu zetu wa Mombasa, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima, wakitumia inchi moja na robo kwa saipras hawakosei. Basi kipimo hutoka kwa mti, kwa unene wa ubao na kwa mahali. Ukubwa wa banda haumo.

Liko jambo ambalo amri haikulitaja hata kidogo, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote: vijiti vya rundo moja viwe sawasawa. Hivi vipya tulivyoletewa vimechanwa haraka haraka kutoka kwenye mabaki, kimoja nusu inchi, kingine karibu robo tatu, na vingine vingali vibichi. Kimoja kikiwa kinene kuliko wenzake, ubao ulio juu yake hupanda pale na kushuka kando, na uzito wa safu za juu huukandamiza ukauke hivyo hivyo. Ukishakauka umepinda, mashine ya randa itaupunguza unene tu. Kijiti kibichi nacho huacha doa pale kilipolala. Sisi twataka kijiti cha mraba, inchi kwa inchi, cha mbao kavu, kilichopitishwa mashine. Hicho ukikilaza upande wowote huwezi kukosea, hata ikiwa ni saa kumi na moja jioni na mgongo umechoka. Kila kimoja kikae juu ya mwenzake, kutoka gogo la chini hadi safu ya juu, kama nguzo. Kati ya nguzo na nguzo iwe futi 2 kwa saipras ya inchi moja, futi 1 na nusu kwa mkaratusi, na nguzo za mwisho zikae kwenye ncha zenyewe za mbao.

Sasa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali ulioletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mtu aliyepanga mbao kwa vijiti alivyopewa, kama alivyoamriwa, makusudi yake yako wapi? Aliyechagua kijiti ndiye aulizwe.

Tunaiomba kamati ya chama iwapelekee wakubwa neno hili. Saipras itakayokuja na lori lijalo igawanywe marundo mawili, moja kwa vijiti vya nusu inchi na moja kwa vya inchi, vyote vikavu na sawasawa. Mzani wa stoo upo. Kila Ijumaa kipande kimoja kitolewe katikati ya kila rundo, kipimwe mbele ya msimamizi na mwakilishi wetu, kirudishwe, na uzito uandikwe daftarini, mpaka usipungue tena. Kisha marundo yafunguliwe na mbao zilizopinda zihesabiwe. Mpaka siku hiyo, mtu asikatwe hata senti.