Mtoto Hakimbii kwa Utundu

Kwenye barabara ya Mbalizi kwenda Mkwajuni, pale inapopita Galula katika bonde la Ziwa Rukwa, mara nyingi utamwona mtu mzima akitembea zake kawaida, na mtoto aliyemshika mkono akipiga mbio fupi fupi ili asiachwe. Maelezo yake mmeshayasikia: mtoto ni mtundu, au amechoka, au hajazoea kutembea. Nyuma ya maelezo hayo kuna hoja kadhaa kuhusu sababu inayomfanya binadamu aache kutembea na kuanza kukimbia. Nimezisikiliza hoja hizo kwa makini na naona hazisimami. Ninyi wasomaji mtakuwa mahakimu.

Hoja mama inasema kukimbia ni kutembea kwa haraka, basi. Wenye hoja hii wana pa kushikia, maana kasi hupanda kidogo kidogo na hakuna mahali ilipochorwa alama. Lakini kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amebeba mwilini mwake ushahidi wa kuipinga: mchakamchaka. Mstari wa wanafunzi unasogea kwa mwendo ambao mtu mzima angeufuata kwa kutembea, ilhali hakuna hata mmoja anayetembea. Wakiambiwa wakimbie papo hapo, kasi yao inakuwa sifuri na bado wanakimbia. Kama kukimbia kungekuwa kasi tu, jambo hilo lisingewezekana.

Tofauti iko kwenye namna mguu unavyobeba mwili. Anayetembea hukanyaga kwa mguu ulionyooka, na kiwiliwili hupita juu yake kwa tao, kikifika juu kabisa katikati ya hatua. Ichukue timazi ya fundi mwashi, ipindue, uzito uwe juu na kishikio kiwe chini. Ndivyo mguu unavyofanya kazi. Mwili unapopanda hupoteza kasi, unaposhuka huirudisha, na nguvu ya misuli inayohitajika inakuwa ndogo. Anayekimbia hufanya kinyume. Goti linakunjika, mwili unakuwa chini kabisa katikati ya hatua, kano ya kisigino inavutika kama mpira wa manati kisha inafyatuka, na miguu yote miwili inaachana na ardhi. Hiyo ni mitambo miwili tofauti ndani ya mguu mmoja.

Wengine wanakubali hilo, ila wanadai kwamba tunabadilisha mtambo kwa sababu pumzi imetushinda: mtu akitembea mbio mbio huhema, basi anakimbia ili apumue vizuri. Wapo pia wanaodai kwamba mwili huchagua mwendo wa gharama nafuu. Dai la pili lina uzito. Kutembea huwa na gharama ndogo kabisa kwa kila kilomita karibu na mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kisha gharama hupanda haraka, wakati gharama ya kukimbia kilomita moja haibadiliki sana uende pole au upesi. Lazima basi iwepo kasi ambayo kukimbia kunakuwa nafuu. Hadi hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza tunapouliza watu hubadilisha lini hasa. Mwaka 1993 mtafiti Alan Hreljac aliwapima watu kwenye mashine ya kukimbilia. Walianza kukimbia kabla ya kufika kwenye kasi hiyo ya nafuu, na walipoanza, nishati waliyotumia iliongezeka. Hata hivyo walisema wamepata ahueni. Lipimeni hilo. Mtu anatumia nishati zaidi, hivyo na oksijeni zaidi, na anajisikia vizuri zaidi. Hoja ya pumzi haiwezi kusimama mbele ya matokeo hayo, na hoja ya gharama pia imekosea wakati. Tena msemaji yuleyule anayedai tunakimbia ili kupunguza uchovu ndiye atakayewaambia wanafunzi kwamba kukimbia kunachosha kuliko kutembea. Achague moja.

Kinacholalamika kwanza ni misuli michache. Jaribu leo jioni: tembea upesi uwezavyo bila kukimbia, nawe utausikia msuli wa mbele ya muundi ukiwaka moto. Huo ndio unaoinua vidole visijikwae kwenye ardhi, na katika kutembea kwa kasi hulazimishwa kufanya kazi nzito kwa muda mfupi mno. Misuli ya shavu la mguu nayo, ambayo hutusukuma mbele, hulazimika kujikaza upesi hadi nguvu yake inapungua. Ukianza kukimbia, misuli hiyo inapata nafuu, hata kama mwili mzima unalipa zaidi.

Kisha kuna wanaosema mazoezi na nia vinafuta mpaka kati ya kutembea na kukimbia, na shahidi wao ni mshindani wa mbio za kutembea. Kweli, Yusuke Suzuki wa Japani alimaliza kilomita 20 mwaka 2015 kwa saa 1, dakika 16 na sekunde 36, zaidi ya kilomita 15 kwa saa. Karibu na kwetu, Mkenya Samuel Gathimba alipata shaba ya mchezo huo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Hawa ni mabingwa, na nawaheshimu. Lakini tazameni wanavyozungusha nyonga: wanalibana lile tao ili mwili usirushwe juu. Na kanuni ya mchezo inamkataza mshindani kuachana na ardhi kwa namna inayoonekana kwa macho. Kamera za kasi huonyesha miguu yao ikiachana na ardhi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Shahidi aliyeletwa kupinga mpaka anaonyesha jinsi ilivyo kazi kuukwepa.

Mpaka wenyewe unakokotoleka. Zidisha kasi kwa kasi, gawanya kwa urefu wa mguu, gawanya tena kwa mvutano wa dunia. Jibu huitwa namba ya Froude, kwa jina la mhandisi wa meli wa Uingereza. Ikifika 1, uzito wa mwili hautoshi tena kuubakiza kwenye tao, na mtu anaruka. Watu huanza kukimbia mapema, karibu na 0.5. Mwaka 1997 Rodger Kram na wenzake waliwapunguzia watu uzito kwa mikanda iliyowavuta juu. Walianza kukimbia kwenye kasi ndogo zaidi, kama hesabu ilivyotaka.

Inabaki hoja inayoniumiza zaidi, kwamba hizi ni hesabu za maabara za ng'ambo zisizotuhusu. Zinatuhusu tangu zamani. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi. Utafiti wa mwaka 1995 ukaeleza siri yake: chini ya mzigo, ile timazi yao inarudisha nguvu vizuri zaidi. Pale Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, kuna nyayo za kale zaidi ya 400 za watu, na kwa kulinganisha urefu wa hatua na ukubwa wa wayo watafiti wamewatenganisha waliotembea na waliokimbia. Robert McNeill Alexander alitumia namba hiyohiyo ya Froude mwaka 1976 kukadiria kasi ya dinosaria kutokana na nyayo zao. Na dinosaria si wageni hapa. Rukwatitan, Shingopana na Mnyamawamtuka wote wametoka kwenye miamba ambayo wanajiolojia duniani huiita kwa jina la Galula.

Sasa turudi barabarani. Mtu mzima mwenye mguu wa sentimita 90 anafika namba ya Froude ya 0.5 kwenye kilomita 7.5 kwa saa hivi. Mtoto mwenye mguu wa sentimita 50 anafika hapo kwenye kilomita 5.6. Mzazi anayewahi shughuli zake kwa kilomita 6 kwa saa bado anatembea kwa raha. Mtoto aliye mkononi mwake ameshavuka mpaka. Kumgombeza atembee vizuri ni kumdai kitu ambacho mzazi mwenyewe, akipelekwa kwa namba ileile, hatakifanya. Mzazi akishuka hadi kilomita 5, mtoto anaacha kukimbia bila kuambiwa.