Mwanangu aende mlimani?

Mama mmoja wa Arusha aliniandikia ujumbe mrefu kwenye simu, nami naomba radhi kwamba nimechelewa kuujibu. Mume wake alifariki mwaka jana kwa ajali ya barabarani. Binti yao wa kwanza ana miaka 13, na tangu matanga yaanuliwe hazungumzi nyumbani zaidi ya shikamoo na "ndiyo, mama". Shuleni hana shida, alama zake ni zilezile, kwa hiyo walimu hawajaona kitu. Sasa kikundi cha usharikani kwao kinaandaa safari ya siku tatu likizo ya Juni kwa watoto waliofiwa na wazazi. Watalala Marangu, na siku moja watapanda Kilimanjaro hadi Mandara na kurudi. Mchango si mdogo. Baba mkubwa wa mtoto amesema hizo ni starehe za wazungu, hela hiyo ikalipe ada. Mama anauliza: nimpeleke au niache?

Naanza na shemeji yako, dada, maana hoja anayo. Wengi wetu mlima ule tunaujua kwa kuutazama tu, na waliopanda wengi walipanda na mizigo ya watu kichwani. Ukimwambia mzee kwamba aliyefiwa analipa hela akatembee porini, atacheka. Kwetu mfiwa haendi popote, watu ndio wanamwendea. Wanakuja na mikeka na unga, wanalala sebuleni, wanapika, wanaimba. Ni utaratibu mzuri na sitaki uishe. Lakini kumbuka watoto walikuwa wapi siku zile. Walikuwa wanateka maji, wanaosha vikombe, au wamepelekwa kwa jirani wasisumbue. Pole ilitolewa kwa mama. Mtoto aliambiwa ajikaze amsaidie mama yake. Binti yako, nadhani, bado anajikaza kama alivyoagizwa.

Hilo la starehe nalo halina ukweli sana. Mwaka 1941, katikati ya vita kuu, mwalimu Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi aitwaye Kurt Hahn alianzisha shule ya mwezi mmoja huko Aberdovey, Wales. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933, kisha akakimbilia Uingereza. Mwenzake, Lawrence Holt, alikuwa na kampuni ya meli. Meli zilikuwa zinazamishwa, na Holt alisikitika kwamba kwenye boti za kuokoa maisha mabaharia vijana walikata tamaa na kufa kabla ya wazee, ingawa nguvu walikuwa nazo zaidi. Shule hiyo, Outward Bound, iliwapeleka vijana baharini na milimani wajifunze kuvumilia pamoja. Miaka ya 1950 tawi lake likafunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro hiyohiyo. Kwa hiyo mlima huo umefanya kazi hii tangu kabla mumeo hajazaliwa.

Lakini nina hofu moja, na ndiyo iliyonichelewesha. Huko Marekani kuna kambi za porini ambazo wazazi hulipia pesa nyingi watoto wao "wasumbufu" wakanyooshwe. Wapo waliochukuliwa vitandani usiku, hawajaambiwa wanakwenda wapi. Februari 2024, katika jimbo la North Carolina, mtoto wa miaka 12 alifariki usiku wake wa kwanza kwenye kambi ya aina hiyo, na baadaye kambi ilinyang'anywa leseni. Usiseme hayo ni ya kwao. Sisi tunampandisha mtoto basi alfajiri kwenda kwa bibi kijijini, na anajua ni kwa muda gani siku shule zinapofunguliwa na yeye hajafuatwa.

Mimi nimelifanya hilo. Mdogo wangu alipofariki nilimchukua mwanawe, wa miaka 12, na likizo ya kwanza nikampeleka kambi moja ya vijana. Niliwaambia watu ni kwa ajili yake. Kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, nilitaka siku tano za kulia bila mtoto kuniona. Sikumuuliza kama anataka. Alirudi na fulana mpya na nguo chafu, nikafua, hatukuongea. Miezi imepita, siku moja tunashuka kwa miguu kutoka shambani, mvua imetukuta njiani, yuko mbele yangu hatua mbili, akaniuliza bila kugeuka: "Mama mkubwa, mama alikufa mchana au usiku?" Kumbe hakuna aliyemwambia. Tulitembea tukilowa mpaka barabarani na nikamweleza yote.

Tangu hapo naamini kutembea kunasaidia, na sababu naiona rahisi tu. Mkiwa mezani mtoto anatazamwa usoni. Njiani wote mnatazama mbele, miguu ina kazi, na mtu akinyamaza robo saa hakuna anayemuuliza ana nini. Njia ya Marangu hadi Mandara ni mwendo wa saa tatu au nne msituni, kama kilomita 8, hadi mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni muda wa kutosha. Tena atakuwa na watoto wengine ambao hatahitaji kuwaeleza kwa nini hana baba, na hilo nyumbani kwako huwezi kumpa, dada, hata ungefanyaje.

Basi kwanza muulize mwenyewe, na akisema hataki, liishe hapo bila kununa. Akikubali, nenda ukaonane na viongozi uso kwa uso. Uliza ni nani analala na wasichana, nani kati yao amesomea ushauri nasaha, na mtoto akitaka kurudi siku ya kwanza atarudishwaje. Uliza watafanya nini akiumwa kichwa au akitapika kule juu, na jibu sahihi ni kwamba watamshusha, si kwamba watamtia moyo. Uliza pia kama watawalazimisha kusimulia misiba yao kuzunguka moto. Wakisema ndiyo, mimi nisingempeleka.

Na safari haitachukua nafasi ya daktari. Kama halali, hali chakula, au umewahi kumsikia akisema afadhali angekufa yeye, usisubiri Juni. Nenda naye hospitali wiki hii, au anza kwa afisa ustawi wa jamii.

Kuhusu ada: ikiwa kweli ni moja au nyingine, lipa ada. Miteremko ya Meru iko hapo kwenu. Jumamosi moja mwachie jirani wadogo zake, beba ndizi na maji, mtembee wewe na yeye peke yenu, simu ikae kwenye mfuko.

Akienda Marangu, siku ya kurudi ndiyo nakuomba uiwekee nguvu. Usimpokee na maswali ya "mmefundishwa nini". Mpikie anachopenda, kaeni jikoni, na akitaja jina la baba yake usimwambie anyamaze, hata kama wewe ndiye utakayelia. Na shemeji awepo ikiwezekana. Naye kafiwa na mdogo wake, na sidhani kuna aliyemuuliza.

Mwishoni mwa ujumbe uliuliza kama sweta moja inatosha. Haitoshi. Mpe mbili, koti la mvua, soksi za kubadilisha, na raba alizokwisha kuzizoea, zisiwe mpya.