Dawa ya Shingo na Dawa ya Joto

Mwezi huu tunaomba ruhusa kwanza. Sisi ni walimu vijana, na leo tunasema mambo ya mama zetu, mambo ambayo kwetu mtoto hayasemi mbele ya mama yake. Lakini mama mmoja, mwanafunzi wetu wa darasa la jioni la kusoma na kuandika, ametuambia: "Andikeni tu, watoto wangu. Kama ningesoma hii mapema, nisingeteseka miezi mitatu." Jina lake tumeliacha. Tutamwita Mama, basi. Na ninyi baba zetu, msiruke ukurasa huu, mtaona sababu.

Mama ana miaka 52, ametoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2022 alianza kuchoka bila kazi. Mwezi wa kumi, wakati Dzaleka nzima tunalia na jua, yeye anavaa sweta. Sauti ikawa nzito, uso ukavimba, ngozi ikakauka, choo kikawa kigumu. Majirani wakasema ni uvivu, wengine wakasema ni mawazo ya vita. Kituo cha afya kikampa karatasi ya kwenda hospitali, na huko Lilongwe damu yake ikapimwa. Kumbe ni tezi ya shingo.

Tezi hii vitabu vya shule vinaiita dundumio. Iko mbele ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatengeneza homoni inayouambia mwili mzima uende mwendo gani: moyo, tumbo, joto, hata akili. Ikilegea, kila kitu kinaenda polepole. Wengi wetu tuliotoka milima ya Kivu tumewaona bibi zetu wenye rovu shingoni. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu mpaka madaktari wakaenda kukichunguza tangu miaka ya 1960. Waliona kwamba udongo una iodini kidogo, na muhogo usiolowekwa vizuri unazidi kuizuia tezi isiipate ile kidogo iliyopo. Lakini si kila tezi iliyolegea ina rovu. Kwa wengine kinga ya mwili yenyewe inaipiga tezi mpaka inachoka, na ugonjwa huo unawapata wanawake kuliko wanaume.

Mama akapewa vidonge vya levothairoksini, kimoja kila asubuhi. Hii ni homoni ileile ambayo tezi imeshindwa kutengeneza. Msishangae akiambiwa ni ya maisha yote. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama wa miaka 46 kwa maji ya tezi ya kondoo. Mama yule aliyekuwa amechoka kabisa aliishi miaka 28 mingine, akiendelea na dawa. Mama yetu naye baada ya miezi michache akarudi kuwa mtu. Sweta likawekwa. Darasani akawa wa kwanza kuandika jina lake bila kuangalia ubao.

Kisha likaja la pili. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekoma zaidi ya mwaka. Usiku joto linampanda kutoka kifuani mpaka kichwani, shuka linalowa, usingizi hakuna. Mwaka 2024 binti yake akamtumia pesa, akaenda kwa zahanati moja ya kulipia huko Lilongwe. Wakampa vidonge vya homoni za wanawake, vya kurudisha kile ambacho mwili umeacha kutengeneza. Hakuna aliyemwuliza kama anakunywa dawa nyingine. Na yeye hakusema. Anatuambia: "Niliwaza, ile ni ya shingo, hii ni ya tumbo la uzazi. Zinakutana wapi?"

Joto likapungua kweli. Alilala. Lakini baada ya wiki nyingi hivi, sweta likatoka tena. Akaanza kusinzia darasani. Herufi alizozijua akawa anazitazama kama mgeni. Sisi walimu, tunakiri, tulifikiri amechoka na masomo, tukamwambia apumzike. Nyumbani walisema dawa za Lilongwe ni sumu. Yeye mwenyewe alitaka kuacha zote, za joto na za shingo pamoja. Hapo ndipo palikuwa na hatari. Mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi akiacha dawa muda mrefu anaweza kupoa, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu na kufa.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja aliyemwambia neno dogo: "Mama, kesho niletee dawa zote za nyumbani, zote, ndani ya mfuko mmoja." Alipoona pakiti mbili pamoja, akamrudisha kupimwa damu. Kipimo kinaitwa TSH. Tezi ikiwa haitoshelezi, namba ya TSH inapanda. Yake ilikuwa imepanda.

Zinakutana wapi? Zinakutana ndani ya damu. Tuseme homoni ya tezi ni abiria, na damuni kuna minibasi za kuwabeba. Abiria aliye ndani ya minibasi hafanyi kazi. Anayefanya kazi ni yule aliyeshuka. Kidonge cha estrojeni kikimezwa kinapita kwenye ini, na ini linaongeza minibasi. Abiria wengi wanabaki wamekaa, wanaoshuka wanakuwa wachache. Mtu mwenye tezi nzima haoni shida, maana tezi yake inatuma abiria wengine. Lakini mwenye tezi iliyolegea anategemea kidonge cha asubuhi tu, na kidonge hakijui kujiongeza. Mwaka 2001 daktari Baha Arafah wa Marekani alichapisha habari za wanawake 25 wenye tezi iliyolegea waliopewa estrojeni. Baadhi yao walihitaji kuongezewa dawa ya tezi. Si wote, ndiyo maana lazima kupima, si kukisia.

Kwa hiyo dawa ya Mama haikuwa sumu. Ilikuwa dawa nzuri iliyoingia nyumbani bila kumjulisha mwenzake. Daktari alimwongezea kidogo ile ya shingo, akapimwa tena baada ya wiki nane, na namba ikashuka mahali pake. Mwezi uliopita alitusomea barua ya binti yake mbele ya darasa lote, mwanzo mpaka mwisho.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kila unapokwenda, kwa kituo, Dowa, Lilongwe au kwa mwenye duka la dawa, beba dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja. Na za kienyeji pia. Usingoje kuulizwa.

2. Kama unakunywa dawa ya tezi na umeanza vidonge vya homoni za wanawake, omba kupimwa TSH kati ya wiki 6 na 12 baadaye. Kuna homoni za kubandika au kupaka kwenye ngozi. Hizo hazipiti kwenye ini kwanza, na kwa kawaida hazisumbui dawa ya tezi. Mwulize daktari kama zinapatikana.

3. Ukiacha homoni hizo, sema pia. Dawa ya tezi iliyoongezwa inaweza kuwa nyingi sasa. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho linatoka, na wewe unafikiri ni joto la kukoma hedhi limerudi. Ikizidi muda mrefu, inaumiza moyo na kulegeza mifupa.

4. Kidonge cha tezi kinywe asubuhi tumbo tupu, kwa maji peke yake. Subiri nusu saa mpaka saa moja ndipo unywe chai au uji. Uji wenye soya na maziwa vinaweza kukizuia kisiingie vizuri. Vidonge vya chuma vya kuongeza damu, vya kalsiamu, na dawa za kiungulia viwe mbali nacho kwa saa nne.

5. Usigawe kidonge ili kifike mwisho wa mwezi, wala usimpe jirani. Tunajua nauli ya Lilongwe, na tunajua kuomba ruhusa ya kutoka. Ndiyo maana tunasema: nenda kuulizia dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili, si siku zimeisha.

MASWALI YENU

"Mimi nina miaka 48, nimechoka, nanenepa, nasahau. Ni tezi au ni damu inataka kukoma?"

Mama, swali lako ni zuri sana, kwa sababu magonjwa haya mawili yanafanana kama mapacha. Kuchoka, kunenepa, kusahau, huzuni na nywele kupungua ni ya pande zote. Joto la ghafla na jasho la usiku huelekea upande wa hedhi. Baridi, choo kigumu, uso kuvimba na sauti nzito huelekea upande wa tezi. Na mtu anaweza kuwa na yote mawili. Macho hayatoshi, omba kipimo cha damu.

"Nikila chumvi yenye madini joto, naweza kuacha vidonge?"

Hapana. Chumvi yenye madini joto, yaani iodini, inawakinga watoto na wajukuu, na tunaomba kila jiko liwe nayo. Ifunikeni, na itieni sombe inapokaribia kuiva. Lakini tezi iliyokwisha kuchoka haiamshwi na chumvi.

"Mwenzangu anauza vidonge vya homoni. Nijaribu?"

Usijaribu. Mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, bila projesteroni, ukuta wa kizazi unaweza kunenepa na kuleta saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, au ugonjwa mkubwa wa ini, lazima daktari ajue kwanza. Na damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata matone, nenda kituo haraka. Hiyo si hedhi iliyorudi.

Neno letu kwa baba zetu na kwa vijana wenzetu: Mama alipoanza kupoa mara ya pili, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Uvivu, sumu, mawazo. Hakuna aliyeuliza, "Mama, umebadilisha dawa gani?" Tuulize sisi, na tumsindikize. Mwenye kusahau hawezi kukumbuka yote mbele ya daktari, kwa hiyo mtoto anayejua kuandika amwandikie kwenye daftari: jina la dawa, saa ya kuinywa, tarehe ya kurudi.

Mwezi ujao tutasema habari za shinikizo la damu kwa wazee. Maswali yaleteni kwa darasa letu la jioni, hata bila jina. Kaeni salama nyumbani kwenu.